Dhamana ya ‘maisha’ kwa vipuri vya gari: Ni maisha ya nani?

MWENYE gari anapoingia katika duka la vipuri, mara nyingi hukabiliwa na uamuzi ambao hakuutarajia. Mbele yake huwekwa pedi mbili za breki zinazofanana kwa umbo na rangi. Moja ina bei ya kawaida. Ya pili ni ghali zaidi, na kwenye kijisanduku chake pamechapishwa maneno ya kuvutia: ina dhamana ya maisha.

Ahadi hiyo humgusa kila mtu ambaye amewahi kubadilisha kipuri kimoja mara mbili au tatu katika muda mfupi. Kwa mwenye matatu au teksi, uzito wake ni mkubwa zaidi, kwa kuwa gari likilala gereji, jikoni nako moto huzimika. Ndiyo maana inafaa kuichunguza ahadi hii kwa makini kabla ya kuilipia.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Ukiitazama dhamana ya kipuri kama deni, maswali ya kuuliza hujitokeza yenyewe: Ni nani anayedaiwa? Anadaiwa nini hasa? Deni hilo litaisha lini? Na siku ya kudai ikifika, mdaiwa atapatikana wapi?

Ahadi ilikotoka

Dhamana ya maisha kwa vipuri vya gari ilishika mizizi nchini Marekani, katika miaka ambayo magari ya watu binafsi yalikuwa yakiongezeka kwa kasi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Silensa za eksosi zilikuwa zikiliwa na kutu upesi, hasa katika maeneo ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu wakati wa baridi.

Kampuni ya Midas, ambayo duka lake la kwanza lilifunguliwa mjini Macon, jimbo la Georgia, mnamo 1956, ilijipatia umaarufu kwa kuuza silensa zilizodhaminiwa kwa muda wote ambao mteja angeendelea kumiliki gari lake. Silensa ikitoboka, mteja alirudi na kupewa nyingine.

Huenda msomaji akajiuliza jinsi kampuni inavyoweza kutoa kitu bure kwa miaka mingi bila kufilisika. Jibu limo katika hesabu. Wenye magari wengi huyauza kabla ya kipuri kuharibika. Wengine hupoteza risiti, huhama mji au husahau kabisa kwamba waliwahi kupewa dhamana. Wachache wanaorejea hulileta gari lao kwenye gereji ile ile, na fundi akishalipandisha juu, ni nadra akose kuona kasoro nyingine ya kurekebisha kwa malipo. Silensa ni ya bure, lakini mabomba, vishikio na kazi ya fundi vyaweza kuwa na bei.

Kwa hivyo, dhamana ya maisha si sadaka wala si ulaghai. Ni mbinu ya kibiashara, na mteja anayeielewa anaweza kunufaika nayo vilevile.

Maisha ya nani?

Neno ‘maisha’ ndilo lenye utata mkubwa zaidi. Mnunuzi hudhani ni maisha yake mwenyewe, au angalau maisha ya gari. Mtengenezaji anaweza kuwa na maana tofauti kabisa.

Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu, inayofahamika kwa kifupi kama FTC, ilitoa mwongozo kuhusu matangazo ya dhamana mnamo 1985. Mwongozo huo unamtaka mtangazaji anayetumia neno ‘maisha’ aeleze wazi ni maisha ya kitu gani anayozungumzia.

Maana zinazoweza kukusudiwa ni kadhaa. Ya kwanza ni maisha ya gari: kipuri kinadhaminiwa maadamu gari hilo lingali linatembea, hata likiuzwa kwa mtu mwingine. Ya pili ni muda wa umiliki: dhamana hudumu mradi mnunuzi wa kwanza angali na gari, na hukoma siku anapoliuza. Ya tatu, ambayo ni dhaifu kuliko zote, ni maisha ya kipuri chenyewe, yaani muda ambao mtengenezaji anaona kipuri cha aina hiyo kinapaswa kudumu.

Hebu itafakari maana hiyo ya tatu. Ikiwa pedi za breki zinakadiriwa kudumu hadi zitakapoisha, na dhamana ni ya maisha ya pedi, basi pedi zikiisha dhamana nayo imekufa pamoja nazo. Mnunuzi atakuwa ameahidiwa kwamba kitu kitadumu hadi kitakapokoma kudumu.

Katika biashara ya vipuri, maana ya pili ni ya kawaida sana. Kwa sababu hiyo, thamani ya dhamana humtegemea mnunuzi mwenyewe. Anayepanga kuliuza gari mwaka ujao ananunua ahadi ya mwaka mmoja, hata kama karatasi inasema maisha. Anayekusudia kukaa na gari lake miaka kumi au zaidi ananunua kitu kingine kabisa, ingawa amelipa bei ile ile.

Kasoro si sawa na kuchakaa

Kuna tofauti kubwa kati ya kipuri kuharibika kwa sababu ya kasoro ya kiwandani na kipuri kuisha kwa sababu ya kutumika. Dhamana nyingi hufidia kasoro pekee. Pedi iliyovunjika au kubanduka kutoka kwenye bati lake ina kasoro. Pedi iliyolika polepole kwa miaka miwili imefanya kazi iliyoundiwa, na mtengenezaji hatakuwa na deni lolote isipokuwa kama alitamka waziwazi kwamba anadhamini hata kuchakaa.

Hapa ndipo aina ya kipuri inapokuwa na maana. Vipuri vya gari vinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kuna vile vilivyoundwa vilike ili vingine visilike: pedi za breki, sahani ya klachi, mikanda, mipira ya waipa na vichujio. Kisha kuna vile vinavyotarajiwa kudumu kwa muda mrefu, ambavyo vikifa mapema mara nyingi chanzo ni ubora duni: alternata, stata, pampu ya maji, rejeta na beringi za magurudumu.

Kwa kundi la kwanza, dhamana isiyojumuisha kuchakaa haina faida kubwa. Kwa kundi la pili, dhamana dhidi ya kasoro inaweza kuwa na thamani halisi, kwa sababu kasoro ndiyo hatari yenyewe.

Shokabzoba zimo katikati. Hazifi ghafla kama alternata, bali hudhoofika kidogo kidogo hadi gari linapoanza kurukaruka na kuyumba kwenye kona. Mteja husema zimeharibika. Mdhamini husema zimechakaa. Katika barabara zenye mashimo na matuta, mabishano hayo huzuka upesi, kwani masharti mengi hukataa kufidia uharibifu unaotokana na matumizi mabaya ya gari, na si rahisi kwa mteja kuthibitisha kwamba shimo halikuhusika.

Aidha, pedi za breki zina jambo jingine la kuzingatiwa. Pedi iliyotengenezwa kwa mchanganyiko mgumu sana inaweza kudumu muda mrefu, lakini ikailisha diski kwa kasi zaidi au ikapiga kelele. Mteja atajivunia pedi zisizoisha huku akinunua diski mpya. Kinachopaswa kuangaliwa kwanza katika breki ni uwezo wake wa kulisimamisha gari. Kudumu ni jambo la pili. Pia asiwepo mtu wa kuendelea kuendesha gari lenye breki mbovu eti akisubiri mdhamini aamue iwapo atamlipa.

Tupige hesabu

Mfano wa kukadiria utasaidia. Tuseme pedi za kawaida zinauzwa Sh3,000 na zile zenye dhamana ya maisha zinauzwa Sh5,000. Fundi anatoza Sh1,000 kila anapozifunga. Tuchukulie pia kwamba pedi zote mbili hudumu miaka miwili, na kwamba dhamana inajumuisha kuchakaa lakini si malipo ya fundi.

Mwenye gari akiliuza kabla ya pedi kuisha, atakuwa ametumia Sh4,000 kwa pedi za kawaida au Sh6,000 kwa zile za dhamana. Amepoteza Sh2,000.

Akikaa na gari kwa miaka minne, atafunga pedi mara mbili. Za kawaida zitamgharimu Sh8,000. Za dhamana zitamgharimu Sh7,000, kwa kuwa mara ya pili atalipa fundi pekee. Sasa ameanza kupata faida.

Akifika miaka sita, atafunga pedi mara tatu. Za kawaida zitafika Sh12,000, za dhamana Sh8,000. Ameokoa Sh4,000.

Lakini badilisha sharti moja tu, yaani dhamana isijumuishe kuchakaa, na hesabu inapinduka. Kwa miaka hiyo sita, atanunua pedi za Sh5,000 mara tatu na kumlipa fundi mara tatu, jumla Sh18,000. Amelipa Sh6,000 zaidi kwa neno lililochapishwa kwenye kijisanduku.

Sharti la gharama ya fundi nalo lina uzito wake. Kubadilisha pedi ni kazi ndogo. Kubadilisha klachi ni kazi ya kuteremsha giaboksi, na malipo ya fundi yanaweza kukaribia au hata kupita bei ya kipuri. Kipuri kikifa, dhamana ya maisha itampa mteja kipuri kingine, lakini fundi atalipwa upya, gari litalala tena, na mapato ya siku hizo hayatarudishwa na mtu. Kwa kazi kubwa za namna hiyo, dhamana ya mwaka mmoja inayojumuisha kipuri na kazi inaweza kuwa bora kuliko dhamana ya maisha ya kipuri peke yake.

Masharti yanayosahaulika

Dhamana huandikwa kwa herufi kubwa na masharti yake kwa herufi ndogo. Haya ndiyo yanayowanasa wengi.

Kwanza, dhamana nyingi huyatenga magari ya biashara. Teksi, matatu na magari ya kubebea mizigo hutembea kilomita nyingi kwa siku, na watengenezaji hawataki kubeba mzigo huo. Kwa hivyo, mtu anayehitaji dhamana zaidi kuliko wote ndiye anayeweza kukuta ameachwa nje.

Pili, baadhi ya watoa dhamana hutaka kipuri kifungwe na gereji inayotambuliwa. Ukikifunga kwa fundi wako wa kawaida wa jua kali, hata kama ni stadi, unaweza kuambiwa kwamba umevunja masharti.

Tatu, kipuri kipya unachopewa si lazima kianze dhamana mpya. Wengine hubadilisha mara moja tu na kufunga faili.

Nne, risiti. Maduka mengi hutoa risiti za karatasi ya joto ambazo maandishi yake hufifia baada ya muda. Dhamana ya maisha yenye ushahidi wa miezi sita ni ya miezi sita. Ipige picha risiti siku hiyo hiyo, uihifadhi pamoja na kijisanduku chenye nambari ya kipuri.

Tano, mahali. Wakenya wengi siku hizi huagiza vipuri kupitia intaneti au huletewa na jamaa wanaoishi Marekani na kwingineko ughaibuni. Dhamana inaweza kuwa halali katika nchi kilikouzwa kipuri pekee, na gharama ya kukirudisha ikawa juu ya mnunuzi. Nauli ya kurudisha alternata Chicago yaweza kummaliza mtu hamu ya kudai haki yake.

Mdaiwa naye hufa

Hata masharti yakiwa mazuri, dhamana ya maisha haiwezi kuwa imara kuliko mtu aliyeitoa. Duka likifungwa, deni huzikwa nalo.

Zana za mkono za Craftsman, zilizouzwa kwa miaka mingi na maduka ya Sears nchini Marekani, zilisifika kwa dhamana ya maisha: spana ikivunjika, mafundi waliirudisha wakapewa nyingine. Mnamo 2017, jina la Craftsman liliuzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker, na Oktoba 2018 kampuni mama ya Sears ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wenye spana hizo walikuwa na bahati, kwa kuwa mmiliki mpya alikubali kuendelea kuiheshimu dhamana ya zana za mkono.

Bahati kama hiyo si ya kutegemewa. Mnamo Septemba 2025, kampuni ya First Brands Group, mmiliki wa majina yanayofahamika katika biashara ya vipuri kama vile Fram, Raybestos na Trico, nayo iliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani. Ukubwa wa jina kwenye kijisanduku haumhakikishii mteja kwamba mdhamini atakuwapo miaka kumi ijayo.

Hali ilivyo hapa nchini

Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na vituo vingine vya vipuri nchini, ahadi ya mdomo ndiyo hutawala mara nyingi. Muuzaji humwambia mteja aende akakijaribu kipuri na kukirudisha kikimsumbua, hasa kile kilichotumika na kuletwa kutoka Japan. Ahadi hiyo hudumu kadiri muuzaji anavyokumbuka sura ya mteja. Kwingineko, risiti huwa na onyo kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Wanunuzi wengi hulisoma onyo hilo na kukata tamaa. Hawafai kufanya hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaokubalika, kuelezwa habari anazohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakwenda mbali zaidi. Inamchukulia muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha wa bidhaa yake hata kama hakutamka neno, na inabatilisha maneno yanayonuia kuiondoa dhamana hiyo ya kisheria. Kwa maneno mengine, onyo la kwenye risiti haliwezi kuifuta sheria. Hata hivyo, haki hiyo inahusu bidhaa mbovu. Haimruhusu mnunuzi kurudisha kipuri kizima kwa sababu tu amebadilisha nia.

Sheria hiyo ina sehemu maalumu kuhusu ukarabati wa magari, inayogusia makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi, kurudishiwa vipuri vya zamani na dhamana ya kazi iliyofanywa. Utaratibu huo unafanana na ule wa jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako sheria iliyopitishwa 2002 ilimtaka mkarabati adhamini vipuri vipya na kazi ya kuvifunga kwa siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kipi kitatangulia. Hiyo si dhamana ya maisha, lakini inajumuisha kazi, na haitegemei ukarimu wa mtu.

Mteja aliyenyimwa haki anaweza kufika katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi katika eneo la Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60.

Tatizo kubwa zaidi ni vipuri bandia. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa 2008, lakini wanaoghushi kipuri hawashindwi kughushi maneno ya dhamana. Kijisanduku kinachoahidi maisha kinaweza kuwa na pedi ambayo haitamfikisha mtu Naivasha salama. Dhamana ya aina hiyo haina mdaiwa tangu mwanzo.

Je, inafaa?

Jibu ni kwamba inafaa kwa baadhi ya watu na kwa baadhi ya vipuri. Inamfaa mwenye gari la kibinafsi anayekusudia kukaa nalo miaka mingi, anayenunua kutoka kwa muuzaji mwenye makao yanayojulikana, anayehifadhi stakabadhi zake, na ambaye tofauti ya bei si kubwa. Inafaa zaidi kwa kipuri ambacho kazi ya kukifunga ni ndogo.

Haimfai anayepanga kuuza gari karibuni. Haimfai mwenye matatu au teksi ikiwa magari ya biashara yametengwa. Wala haifai kwa kipuri kinachokufa kwa kuchakaa ikiwa kuchakaa hakufidiwi, au kwa kazi kubwa ikiwa fundi hakujumuishwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na aulize maswali machache: Maisha ni ya nini? Kuchakaa kumejumuishwa? Nani atamlipa fundi? Gari la biashara linakubaliwa? Nirudi wapi, na nije na nini? Majibu yaandikwe kwenye risiti, na muhuri wa duka upigwe. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa. Anayekataa amekwisha kumjibu mteja, na ni heri kujua hilo pesa zingali mfukoni.

Zaidi ya yote, dhamana isichukuliwe kuwa ushahidi wa ubora. Kipuri kizuri ni kile ambacho hakitakulazimu kukumbuka kama kina dhamana. Mwenye kuchagua kati ya kipuri cha hali ya juu chenye dhamana ya mwaka mmoja na kile cha ovyo chenye dhamana ya maisha, achukue cha kwanza. Gari likikwama usiku kwenye mteremko wa Salgaa, karatasi ya dhamana haitalivuta.